Maneno ya homeopathia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta ya duka la dawa, Kisumu

Maswali haya yamekusanywa kaunta. Wanaouliza ni watu wa Kondele, Nyalenda na Milimani, na wasafiri wa Busia na Kakamega wanaopita na kichupa mkononi, ama kimetumwa na jamaa aliye India au Uingereza, ama wameuziwa Nakuru. Wengi hawaulizi kama homeopathia inaponya. Wanauliza maandishi ya kwenye lebo yana maana gani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukurasa huu ni maelezo ya maneno, na pale ambapo neno likieleweka vibaya mtu anaweza kuumia, nimesema bila kuzunguka.

## Mambo ya msingi

1. Homeopathia ni nini?

Ni mfumo wa tiba uliobuniwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann (1755–1843). Umesimama juu ya madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba kitu kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani kinaweza kumtibu mgonjwa mwenye dalili zinazofanana na hizo. Hiyo ndiyo kanuni ya mfanano. Dai la pili ni kwamba kitu hicho kikizimuliwa hatua kwa hatua, huku kikitikiswa kwa nguvu katika kila hatua, uwezo wake wa kutibu unaongezeka.

Mfano wa dai la kwanza ni kitunguu. Ukikikata, macho yanatoa machozi na pua inachuruzika. Basi mwenye mafua ya machozi na pua inayochuruzika hupewa Allium cepa, dawa iliyoanzia kwenye kitunguu. Hilo watu hulishika upesi. Dai la pili ndilo linaloleta maswali mengi, na limeelezwa katika swali la 6 hadi la 8.

2. Si ni miti shamba tu iliyotiwa kwenye chupa?

Hapana. Kati ya mambo yote yanayochanganywa, hili ndilo linalochanganywa zaidi, hata na wauzaji.

Ukichemsha mwarobaini, kilicho kikombeni ni kemikali za mti wenyewe, na uchungu wake unakuambia zimo. Kwa kuwa kuna kitu ndani, dawa ya miti shamba inaweza kufanya kazi, inaweza pia kuumiza ini au figo, na inaweza kugombana na vidonge ulivyopewa hospitalini. Ni dawa kwa maana ile ile tunayoijua sote: ukizidisha, utajua.

Dawa ya homeopathia inaweza kuanzia kwenye mmea, lakini vilevile inaweza kuanzia kwenye chumvi, ganda la chaza, nyuki, sumu ya nyoka, zebaki au aseniki. Ikifika mikononi mwako, mara nyingi chanzo hicho kimezimuliwa mpaka hakipatikani tena. Hata mwarobaini una toleo lake la homeopathia, linaloitwa Azadirachta indica. Jina la kisayansi la mti ni hilo hilo, ila kilicho ndani ya chupa si kile anachochemsha nyanya yako kijijini. Muuzaji akikwambia "hii ni mitishamba ya kizungu", mwombe akusomee namba iliyo kando ya jina.

3. Alopathia ni nini? Mbona wanasema daktari wa hospitali ni alopathi?

Ni jina ambalo Hahnemann aliwapachika madaktari wengine wa zama zake, waliotibu kwa kutoa damu, kutapisha na kuharisha. Leo wanahomeopathia hulitumia kwa tiba yote ya hospitali. Madaktari wenyewe hawajiiti hivyo.

Haki itendeke: mwaka 1800, mgonjwa aliyepewa tembe za sukari na kulazwa apumzike huenda alikuwa na bahati kuliko jirani yake aliyekamuliwa damu. Sifa njema za mwanzo za homeopathia, kwa maoni yangu, zilitokana na hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Ila hospitali ya siku hizi haikamui homa kwa kutoa damu.

4. Hahnemann aliipata wapi fikra hii?

Kwenye ugonjwa tunaoujua sisi watu wa ziwani kuliko yeye. Mwaka 1790 alikuwa akitafsiri kitabu cha tiba cha Mskoti William Cullen, na hakuridhika na maelezo ya kwa nini gome la mti wa sinkona linatibu homa za vipindi. Akalimeza yeye mwenyewe, akiwa mzima, akapata dalili alizoziona zinafanana na homa hiyo. Akahitimisha kwamba gome linatibu homa kwa sababu linaweza kuileta. Mwaka 1796 alichapisha kanuni yake, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon.

Homa hiyo ya vipindi ni malaria. Kimelea chake kilionekana mara ya kwanza kwenye hadubini mwaka 1880, na Alphonse Laveran, miaka 37 baada ya Hahnemann kufariki. Gome la sinkona lina kwinini, na kwinini huua kimelea. Mfanano wa dalili haukuhusika. (Swali la 18 linaendelea hapa.)

## Kusoma lebo

5. Majina haya ya Kilatini ni ya vitu gani?

Mengi ni ya vitu vya kawaida kabisa. Natrum muriaticum ni chumvi ya mezani. Wateja hucheka wakiambiwa. Calcarea carbonica hutoka kwenye ganda la chaza. Apis mellifica ni nyuki. Coffea cruda ni kahawa mbichi, na kwa kanuni ya mfanano hupewa asiyepata usingizi. Sepia ni wino wa dome, yule jamaa wa ngisi.

Mengine si ya kuchekea. Arsenicum album ni aseniki. Nux vomica ni mbegu zenye sumu ya strikinini. Belladonna ni mmea wenye sumu ya atropini. Lachesis ni sumu ya nyoka wa Amerika. Hapo ndipo namba ya potensi (swali la 6) inapokuwa na maana kubwa kuliko jina.

6. 6X, 30C, 200C, 1M, LM: nisome vipi?

Herufi inakwambia kila hatua imezimuliwa kwa kiasi gani. Namba inakwambia hatua ni ngapi. Vyote viwili pamoja huitwa potensi.

X (au D, kwa chupa za Ujerumani) ni moja kwa kumi. Sehemu moja ya dawa huwekwa katika sehemu tisa za maji au alkoholi, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo hupelekwa hatua inayofuata. 6X ni sehemu moja katika milioni moja.

C ni moja kwa mia. 6C ni sehemu moja katika trilioni moja. 30C ni sehemu moja katika namba yenye 1 ikifuatwa na sifuri 60. Ukiona CH, ni C iliyotengenezwa kwa njia ya Hahnemann, kila hatua na chupa yake. K ni njia ya Korsakov, ambapo chupa moja humwagwa na kujazwa tena na tena.

M ni elfu: 1M ni hatua 1,000 za moja kwa mia. LM, ambayo wengine huiandika Q, ni moja kwa 50,000, na ilielezwa katika toleo la sita la Organon, ambalo Hahnemann alilimaliza mwaka 1842 lakini likachapishwa mwaka 1921.

Mtego uko hapa: 6X na 6C zinaonekana ndugu lakini zimepishana mara milioni. Kwa hesabu ya kuzimua tu, 6X ni sawa na 3C, na 12X ni sawa na 6C.

7. Daktari, nipe ile ya nguvu zaidi. Ni 200C, sivyo?

Inategemea unamuuliza nani. Kwenye rafu ya dawa za hospitali, miligramu 500 ni zaidi ya 250, na kila mtu anajua hivyo. Katika homeopathia namba ikipanda, dawa yenyewe inapungua. Wao husema potensi ya juu ina nguvu ya "ndani" zaidi. Kwa mizani na maabara, 200C ina kitu kidogo kuliko 30C, na 30C yenyewe haina kitu (swali la 8).

Kwa hiyo anayetafuta dozi kubwa akachukua namba kubwa anakwenda kinyume na alichokusudia. Na anayeogopa dozi kubwa akachukua 1X au 2X kwa kuwa "ni ndogo" ndiye anayepaswa kuangalia zaidi.

8. Basi ndani ya kidonge cha 30C kuna nini hasa?

Sukari.

Hesabu ni hii. Ziwa Victoria lina maji ya karibu kilomita za ujazo 2,700. Tone moja la dawa likidondoshwa Dunga, na ziwa lote likakorogwa sawasawa kuanzia Kisumu hadi Mwanza na Jinja, utakuwa umefika karibu na 10C. Bado hatua ishirini, na kila moja ni ya moja kwa mia.

Sayansi ya molekuli inaweka mpaka mapema zaidi ya 30C. Hata ukianza na kiasi ambacho wanakemia hukiita moli moja, idadi ya molekuli zake ni takriban 6 ikifuatwa na tarakimu 23. Ukipita 12C, uwezekano wa kubaki na hata molekuli moja unakwisha. Wanahomeopathia wanalijua hili na hawalikatai. Jibu lao ni kwamba maji yanabaki na alama ya kilichopita ndani yake. Hakuna kipimo kilichoweza kuonyesha alama hiyo kwa namna ambayo wengine wakirudia wanaipata.

9. Tinkcha mama, kutikisa, kusaga: ni hatua gani hizo?

Tinkcha mama, yenye alama ya Ø, ni mmea uliolowekwa kwenye alkoholi kabla ya kuzimuliwa. Hii ni dawa ya mmea halisi, na inastahili tahadhari zote za miti shamba. Vitu visivyoyeyuka, kama ganda la chaza, husagwa kwanza pamoja na sukari ya maziwa. Kisha kila hatua ya kuzimua hufuatwa na kutikisa kwa kugonga. Hahnemann aligonga chupa yake kwenye kitabu chenye jalada la ngozi. Kwao, bila kugonga ni maji yaliyozimuliwa tu, hayajawa dawa.

10. Mwenye kisukari anaweza kuzimeza? Na Mwislamu?

Tembe nyingi ni sukari ya miwa au ya maziwa. Tembe mbili tatu hazitapandisha sukari ya mtu kwa kiasi cha kutisha, lakini ziko kwenye hesabu. Ambaye maziwa humvuruga tumbo aangalie laktosi. Matone mara nyingi yana alkoholi, kwa hiyo anayeiepuka kwa dini au kwa sababu ya kuacha pombe aombe tembe.

## Ndani ya chumba cha mashauriano

11. Kwa nini waliniuliza kama napenda chumvi na naota ndoto gani, wakati mimi naumwa kichwa?

Hiyo huitwa kuchukua kesi, na mara ya kwanza inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mwanahomeopathia hatafuti jina la ugonjwa. Anatafuta picha ya mtu mzima mzima: tabia, hofu, chakula, usingizi. Anasikiliza hasa modaliti, yaani kinachozidisha dalili na kinachoipunguza. Kichwa kinauma zaidi ukiwa juani, au ukilala? Kinapungua ukikibonyeza?

Halafu anafungua repatori, faharasa ya dalili. Maarufu zaidi ni ile ya Mmarekani James Tyler Kent ya mwaka 1897. Humo kila dalili ina orodha ya dawa zake. Anazilinganisha na materia medika, ambayo imepangwa kinyume: kila dawa na dalili zake. Dawa inayolingana kuliko zote huitwa simillimum.

Siwezi kuwacheka wanaopenda jambo hili. Mtu aliyepanga foleni hospitali tangu alfajiri, akaonwa kwa dakika chache, hajawahi kuulizwa analalaje. Kusikilizwa kunatuliza. Ila kunatuliza hata bila tembe.

12. "Dawa ya konstitusheni" na "polikresti" ni kitu kimoja?

La. Dawa ya konstitusheni huchaguliwa kwa kufuata maumbile na hulka ya mtu, si kwa tatizo la leo. Polikresti ni dawa yenye dalili nyingi mno katika vitabu, kwa hiyo huandikwa mara kwa mara: Sulphur, Pulsatilla, Lycopodium, Nux vomica. Polikresti inaweza kuwa ya konstitusheni kwa mtu fulani.

13. Walijuaje kila dawa inaleta dalili gani?

Kwa pruvingi: watu wazima wenye afya humeza dawa na kuandika kila wanachohisi kwa siku kadhaa. Udhaifu wake unaonekana haraka. Mwambie mtu yeyote mzima aandike kila kitu anachohisi wiki nzima, atapata kuwashwa, ndoto, kiungulia na huzuni ya jioni, hata kama hakumeza kitu.

14. Nimeambiwa nina miasma ya "psora". Ni ugonjwa wa kuambukiza?

Si jina la ugonjwa linalotumika hospitalini. Mwaka 1828 Hahnemann alieleza kwamba magonjwa sugu yanatoka kwenye mizizi mitatu, aliyoiita miasma: psora, aliyoihusisha na upele, sikosisi, iliyohusishwa na kisonono, na kaswende. Ukiambiwa una miasma ya kaswende, hujaambiwa kwamba una kaswende. Ukitaka kujua kama unayo, pima damu.

15. Nosodi ni chanjo?

Si chanjo. Nosodi ni dawa ya homeopathia iliyoanzia kwenye kitu cha ugonjwa wenyewe, kama usaha, makohozi au tishu ya mgonjwa, ikazimuliwa kwa njia ya swali la 6. (Ikianzia kwenye tishu yenye afya, huitwa sakodi.) Wapo wanaoiuza kwa jina la "chanjo asilia". Haifundishi mwili kupambana na polio wala surua. Mtoto aliyepewa nosodi ahesabiwe kuwa hajachanjwa, na kadi yake ya kliniki ifuatwe kama kawaida, pamoja na chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliianzia kaunti ya Homa Bay mwezi Septemba 2019.

16. Nimezidiwa baada ya kumeza, nao wanasema ndiyo dalili ya kupona. Ni kweli?

Wao huita hali hii uchokozi wa dawa. Iko pia kanuni inayohusishwa na Constantine Hering, kwamba kupona huenda kutoka ndani kwenda nje na kutoka juu kwenda chini, hivyo upele ukitokea unahesabiwa kuwa ushindi.

Neno hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ukipata nafuu, dawa imefanya kazi. Ukizidiwa, dawa inafanya kazi. Hakuna hali inayokwambia nenda hospitali. Homa inayopanda, mtoto anayekataa kunyonya, kupumua kwa shida, degedege, kutapika kila kitu: yoyote kati ya hizo ni hospitali siku hiyo hiyo, bila kumpigia kwanza aliyekuuzia tembe.

17. Lazima niache kahawa na dawa ya meno yenye mnanaa?

Wengi wao husema kahawa, kafuri na mnanaa hubatilisha dawa. Hakuna ubaya kufuata wala kutofuata.

## Pale mambo yanapokuwa mazito

18. China 30C inaweza kuzuia au kutibu malaria, kwa kuwa imetokana na kwinini?

Hapana. China officinalis imeanzia kwenye gome la sinkona, ni kweli. Lakini kwenye 30C hakuna kwinini (swali la 8), na kimelea hakifi kwa jina la dawa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasitegemee homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, Ukimwi, mafua makali na kuharisha kwa watoto wachanga.

Ukanda huu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko kwingine kote nchini. Mwenye homa achomwe kidole apimwe, kituoni au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Akikutwa na malaria isiyo kali, dawa ya kwanza ni AL (artemether-lumefantrine), dozi sita kwa siku tatu, na zote ziishe hata kama homa imeshuka dozi ya pili. Mama mjamzito asiache dawa ya kinga anayopewa kliniki wala neti.

19. Naweza kuchanganya na ARV, dawa za TB, za sukari au za presha?

Tembe za potensi ya juu hazitagombana na dawa hizo, kwa sababu ya swali la 8. Tinkcha mama inaweza. Lakini wanaorudi wakiwa wamezidiwa si wale waliochanganya, ni wale walioacha. Mtu yeyote akikwambia uache ARV au insulini ili dawa yake "ipate nafasi", ondoka.

20. Kwani imethibitishwa au haijathibitishwa?

Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi na kusema hakuna ugonjwa ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu. Kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza ilikuwa imefika karibu na hapo mwaka 2010, na mwaka 2017 huduma ya afya ya umma ya Uingereza ikawaelekeza madaktari waache kuiandika. Ufaransa, ambako ina wapenzi wengi, iliacha kuilipia kwa bima ya umma tangu Januari 2021.

India ni tofauti: homeopathia ina nafasi rasmi katika wizara ya Ayush na ina vyuo vyake. Ndiyo maana familia nyingi za Kisumu zenye asili ya huko zimekua nayo nyumbani. Kukubaliwa na serikali ni jambo moja, kufaulu kwenye majaribio ni jingine.

21. Lakini mimi nilimeza nikapona.

Naamini ulipona. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mgongo huuma, ukatulia, ukauma tena. Na mtu hununua dawa siku ambayo hali imefika kileleni, ambapo kinachofuata mara nyingi ni kushuka. Ongeza na utulivu wa kusikilizwa (swali la 11). Swali la kujiuliza ni kama ungepona bila tembe, na hilo huwezi kulijibu kwa mwili mmoja.

22. Nitajuaje kama dawa na mtoaji wake wanatambuliwa Kenya?

Bidhaa za dawa nchini ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na unaweza kuuliza kama bidhaa imesajiliwa. Madaktari wamo katika rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na jina linaweza kutafutwa mtandaoni. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi kwa lolote kati ya hayo mawili.

23. Mtoto amemeza chupa nzima. Nifanye nini?

Soma lebo kwanza. Kama ni 30C au zaidi, na imetengenezwa inavyopaswa, amekula peremende. Mpe maji na umwangalie.

Kama ni tinkcha mama, au X yenye namba ndogo, au jina ni Belladonna, Arsenicum, Nux vomica au Mercurius na huoni namba vizuri, usisubiri. Huko Marekani mwaka 2016 na 2017 mamlaka ya dawa ilionya kuhusu tembe za homeopathia za watoto wanaoota meno, baada ya kukuta kiasi cha belladonna ndani yake hakilingani na kilichoandikwa. Mwaka 2009 ilikuwa imeonya pia kuhusu dawa ya puani yenye zinki iliyouzwa kwa jina la homeopathia, baada ya watumiaji kupoteza uwezo wa kunusa. Kwa hiyo hata lebo nzuri si dhamana kamili.

Usimtapishe. Mpeleke kituo cha karibu, au hospitali ya rufaa: kwa Kisumu ni Jaramogi, ile wengi huiita Russia. Chukua na chupa, hata kama imebaki tupu, kwa sababu daktari atataka kuona jina na namba.